Mshono wa Drozdek

Kwa miaka ishirini na minane Ludwik Wojtasik hakukanyaga mtaa wa Yemans. Kinyozi wake yuko upande ule, bucha ya soseji anazozipenda iko upande ule, lakini yeye, mvua inyeshe, theluji ianguke, atazunguka nyuma ya shule, mradi tu asipite mbele ya nyumba ya akina Drozdek. Mkewe Genowefa alishachoka kuuliza.

"Hivi we mzee, barabara ile ilikukosea nini?"

"Magoti. Kule kuna kilima."

Kilima! Hamtramck nzima, huu mji wetu wa Wapolandi ubavuni mwa Detroit, ni tambarare kama meza; ukidondosha chungwa litakaa hapo hapo hadi Pasaka. Genowefa alimtazama, akasonya, akarudi kwenye viazi vyake.

Ludwik alikuwa fundi wa viti katika kiwanda cha Lorimer. Nyinyi mliozaliwa juzi jina hilo haliwaambii kitu, basi nisikilizeni. Ford lilikuwa gari la mtu yeyote. Lorimer lilikuwa gari la mtu anayefunguliwa mlango. Wakuu wa benki walilipanda kwenda kazini, waigizaji wa sinema walipigwa picha wameliegemea, na tajiri akifa, gari la kubebea maiti nalo lilikuwa Lorimer, asije akaenda ahera kwa aibu. Sisi wa Hamtramck tuliolitengeneza hatukuwa na uwezo wa kununua hata taa zake, lakini maringo yake tuligawiwa bure. Mtoto wetu akiulizwa shuleni baba yake anafanya kazi wapi, hakusema "kiwandani." Alisema "Lorimer," kidevu juu.

Ludwik aliingia pale mwaka 1928, kijana wa miaka kumi na minane, wiki moja na Walenty Drozdek. Walikaa benchi moja, wakafundishwa na fundi mmoja mzee kutoka Łódź kule Polandi ambaye ukipindisha mshono alikuchapa vidole kwa rula. Walishona ngozi kwa sindano za kupinda, wakajaza manyoya ya farasi, wakafunga springi moja moja kwa kamba. Na fundi akimaliza kiti kilichomridhisha, alikipindua akaandika jina lake kwa chaki ya bluu chini ya fremu, mahali ambapo mwenye gari hataona maisha yake yote. Kiti usichojivunia hukiandiki. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chumba cha viti, na haikuandikwa popote.

Wawili hawa walikuwa na jambo lao jingine. Kwetu siku ya kuzaliwa ni mambo ya watoto. Mtu mzima hupongezwa siku ya mtakatifu wa jina lake. Walikuwa makapuku, hawana cha kupeana, basi wakapeana viti. Kila tarehe kumi na nne Februari, sikukuu ya Mtakatifu Walenty, Ludwik alichagua kiti kimoja akaandika chini yake jina la rafiki yake badala ya jina lake. Kila mwezi wa nane, sikukuu ya Mtakatifu Ludwik, Walenty naye alimwandikia Ludwik. Na jina la zawadi liliandikwa asubuhi, kabla ya mshono wa kwanza, kwa sababu zawadi ni ahadi. Wenzao hawakujua. Ilikuwa siri yao, ya kijinga kidogo na tamu sana, na waliitunza miaka ishirini na saba.

Wakati huo Lorimer lenyewe lilikuwa linashuka ngazi. Ile miaka ya njaa ya thelathini, kampuni ilitengeneza gari la bei nafuu ili isife, na kweli haikufa. Lakini gari ambalo karani naye ameanza kulipanda, mwenye benki anaanza kulitazama kwa jicho la pembeni. Vita vikaja, tukatengeneza injini za ndege, tukapumua. Vita vikaisha, watu wakataka magari yenye mapezi nyuma na nikeli kila mahali, na wakubwa wetu walikuwa bado wanabishana kuhusu umbo la taa. Mwisho wakaiunganisha kampuni na nyingine ya Indiana ambayo nayo ilikuwa taabani. Wagonjwa wawili, kitanda kimoja! Manyoya ya farasi yakaondoka, sponji ikaingia. Kamba zikaondoka, zikaja pini za kubana. Ukipita chumba cha viti mwaka 1955 uliona chaki zimekaa kwenye kopo, hakuna anayezigusa.

Ndiyo maana mwezi Februari 1956, wakubwa walipoagiza gari moja jeusi la maonyesho, la ngozi ya kweli na la kushonwa kwa mkono kama zamani, chumba kizima kilifufuka. Lilikuwa gari la kuwaonyesha watu kwamba Lorimer bado lipo. Kiti cha nyuma akapewa Ludwik. Na mwaka ule, kwa bahati, sikukuu ya Walenty iliangukia ile Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, siku ambayo Hamtramck inakula maandazi ya jamu mpaka mkanda ukatae na kunywa kila kilichomo kabatini, kwa vile kesho yake ni majivu na kufunga.

Asubuhi Ludwik alipindua fremu akaandika kwa herufi kubwa: W. DROZDEK. Aliandika kwa furaha. Katika miaka yote ile hakuwahi kupata kiti kizuri vile cha kumpa.

Mchana wakamnywea Walenty. Chupa ya pombe ya asali ilizunguka ndani ya vikombe vya kahawa ili nyapara Dunphy asishtuke. Mara moja, mara mbili, mara tano, maisha marefu Walenty, uzae na wajukuu. Ludwik alirudi benchini uso umemwiva na vidole vizito. Alishona mshono wa katikati wa kiti kile huku anatabasamu peke yake. Alipoinua macho, mshono ulikuwa umepinda. Si sana. Upana wa punje ya mchele. Lakini ngozi nyeusi haifichi, na jicho likishauona haliwezi tena kuuacha.

Kilichotakiwa hapo ni mtu kuinua mkono na kusema, "Dunphy, nimeharibu, nipe ngozi nyingine." Ingemgharimu karipio na jina lake kwenye daftari la nyapara. Ludwik alitazama saa ya ukutani. Alitazama kiti. Akajiambia hakuna atakayeona, akakisukuma kwenye mkanda wa kiwanda, kikaenda.

Mwezi wa tatu mwandishi mmoja wa gazeti aliketi katika gari lile kwenye maonyesho, akapitisha kidole juu ya mshono, na kesho yake akaandika kwamba siku hizi hata Lorimer linashonwa na watu wenye usingizi. Mstari mmoja tu. Ulitosha. Gari lilirudishwa, Dunphy akang'oa kiti mbele ya chumba kizima, akakipindua, na lile jina la bluu likatazama dari.

"Drozdek! Njoo hapa. Hii ni kazi yako?"

Walenty alikuja akijifuta mikono. Alitazama mshono, akatazama jina. Ludwik, benchi la tatu kutoka pale, aliona uso wa rafiki yake unaelewa. Maana Walenty alijua hakushona kiti kile, na alijua ni nani duniani anayeandika jina lake tarehe kumi na nne Februari.

"Jina ni langu," Walenty akasema.

"Nimekuuliza kazi."

Walenty hakumjibu. Aliinua kichwa akatazama chumba, benchi baada ya benchi, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Macho yake yalipofika benchi la tatu, Ludwik alikuwa ameinama anatafuta tundu la sindano. Sindano ilikuwa tayari ina uzi.

Walenty alifukuzwa siku ile ile. Chama cha wafanyakazi kilipiga kelele wiki mbili, kikakosa pa kushika. Kiti kikarudishwa garini vile vile, hakuna fedha za ngozi nyingine. Kiangazi hicho hicho kiwanda kikafungwa, na wenye karatasi safi wakapokelewa viwanda vingine. Ludwik alikuwa na karatasi safi. Alishona viti miaka kumi na minane zaidi kwa watu wengine, akastaafu na saa ya mkononi. Walenty alifagia korido za shule aliyosoma binti yake Jadwiga, na Jadwiga alikuwa na miaka kumi, umri ambao mtoto anaona kila kitu.

Na laiti yangeishia hapo. Lakini sisi tuliopoteza Lorimer tulikuwa wafiwa, na kama wafiwa wengi tulitafuta mchawi. Kampuni iliyougua miaka ishirini tukasema imeuliwa na uzi! Upuuzi mtupu, lakini tuliamini. Katika klabu ya wazee wa Lorimer, pale chini ya ukumbi kwenye barabara ya Joseph Campau, kitu chochote kilichoharibika kikaitwa "mshono wa Drozdek." Supu imeungua, mshono wa Drozdek. Mlango haufungi, mshono wa Drozdek. Aliyeanzisha alikuwa Stach Kubiak, mchoraji wa mistari ya rangi ubavuni mwa magari, mwenye sauti ya kwaya na ulimi wa wembe. Siku moja Walenty mwenyewe alishuka ngazi za klabu, miezi mingi baada ya kufukuzwa, akavuta kiti kilichokuwa karibu na mlango. Mguu wa kiti ulilegea.

"Angalia usianguke, Walenty!" Kubiak akapaza sauti. "Hicho nadhani umeshona wewe!"

Klabu nzima ikaangua kicheko. Ludwik alikuwa ameshika karata mezani kwa Kubiak. Naye akacheka. Hakucheka sana, lakini alicheka, na Walenty alimwona. Walenty akavaa kofia yake, akasema "Kwaherini, mabwana," na hakurudi tena mpaka kifua kilipomwua mwaka 1971.

Hayo ndiyo Ludwik aliyoyazunguka nyuma ya shule kila siku. Usifikiri alisahau. Alikuwa akikaa kanisani, padri akisema tuungame, anahisi masikio yanawaka, na anaungama mambo mengine.

Basi Mei 1984, mchana, mlango wake ukagongwa, na aliyesimama kibarazani ni Jadwiga Drozdek. Alishakuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwalimu, ana paji la uso la baba yake. Ludwik alishika fremu ya mlango.

"Mjomba Ludwik. Miaka mingi."

"Mingi, mwanangu. Karibu. Genia! Tuna mgeni!"

Genowefa alitoka jikoni akifuta mikono, akamkumbatia, akamkalisha, akamwekea keki ya mbegu za mpopi kabla hajaombwa. Jadwiga akatoa barua mkobani. Ilitoka kwa tajiri mmoja wa Grosse Pointe, Bwana Hale, mkusanyaji wa magari ya kale. Maana ndivyo dunia ilivyogeuka: kiwanda cha Lorimer kilikuwa kimebaki kuta zisizo na paa, miti imeota ghorofa ya pili, lakini magari yenyewe, yale yale yaliyodharauliwa, watu walikuwa wanayagombania kama dhahabu. Hale alikuwa amelipata lile gari jeusi ghalani kwa mjane mmoja Ohio. Alipong'oa kiti cha nyuma alikuta jina.

"Wanataka kumuenzi baba," Jadwiga akasema. Akanywa kahawa. "Jumapili ijayo. Wameandika kibao cha shaba, mjomba. 'Kiti hiki kilishonwa na Walenty Drozdek.' Mimi huyu! Niliyekuwa napita korido namkuta baba na ufagio, wenzangu wananiuliza kama huo nao umepinda! Wanataka mtu aliyefanya kazi naye aseme maneno mawili. Wa chumba cha viti umebaki wewe."

"Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Na haya magoti..."

"Nitakuja kukuchukua na gari."

"Ataenda," Genowefa akasema. "Atavaa suti ya harusi ya mwanetu Tadek. Ludwik, mbona umekuwa mweupe hivyo? Kula keki."

Akala keki. Jadwiga alipoondoka Genowefa alikusanya vikombe, akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Kumbe kilima chenyewe kilikuwa hicho."

Wiki nzima Ludwik aliukokota moyo wake huku na huku. Akinyamaza, mwanamke yule atapata kibao cha shaba na baba yake atapata heshima, ingawa ni ya uongo. Akisema, atakuwa amemnyang'anya. Tena atakuwa anajidai: kiti kinachosifiwa ni changu mimi! Aliona namna zote mbili zinanuka. Lakini kila alipokata shauri la kunyamaza, aliuona uso wa Walenty unageuka kutoka benchi hadi benchi, na alijua kwamba kunyamaza ndiko alikokuwa akikufanya tangu siku hiyo.

Jumapili ikafika. Bustani ya Hale ilikuwa na nyasi zilizokatwa kama zulia na watu waliovaa nguo za rangi za peremende. Magari ya Lorimer yalipangwa mistari miwili, yanang'aa. Ludwik aliyapita akiwa ameshikwa mkono na Jadwiga, na licha ya yote kifua kilimpanda kidogo, maana yalikuwa mazuri. Lile jeusi lilikuwa mwisho, mlango wa nyuma wazi, kamba nyekundu imezungushwa.

Hale alikuwa mtu mrefu, mchangamfu, hana baya. Aliwakusanya watu akaingiza mkono garini.

"Jamani, hebu oneni hapa katikati. Mnaona mshono unavyoyumba kidogo? Huo ndio mkono wa binadamu! Mashine haiwezi hivyo. Hapa fundi alikuwa anapumua."

Watu wakaguna kwa kupendezwa. Mama mmoja mwenye kofia pana akaomba ruhusa aguse. Akapitisha kidole juu ya upana ule wa punje ya mchele, akafumba macho. Ludwik alitamani ardhi ipasuke immeze, suti na yote.

"Je, mtaunyoosha?" akauliza ghafla, Kiingereza chake kizito.

"Kuunyoosha?" Hale akacheka. "Bwana Wojtasik, hapa hauguswi uzi hata mmoja. Hivi ulivyo ndivyo utakavyokaa, mimi nikifa na wajukuu wangu wakifa."

Basi hapo Ludwik akaliona lote. Mshono ule ungekaa pale milele, umepinda, na chini yake jina la mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kupindisha mshono. Hale akampa kipaza sauti. Ludwik alikishika kwa mikono miwili.

"Walenty Drozdek alikuwa fundi bora kuliko wote niliowahi kuwaona," akasema. "Kiti hiki hakushona. Nilishona mimi. Nilikuwa nimelewa. Mshono huu umepinda kwa sababu nilikuwa nimelewa, si kwa sababu nilikuwa napumua. Jina lake niliandika mimi, kama zawadi, kisha nikaharibu kazi, kisha nikaona uvivu na woga kulifuta. Yeye akafukuzwa. Mimi nikanyamaza. Hii si kazi nzuri, ni kazi mbaya. Msiiguse tena, tafadhali."

Halafu yule mama wa kofia akaanza kupiga makofi. Wa pili akafuata, wa tatu, na mara bustani nzima ilikuwa inapiga makofi, wengine machozi yanawalengalenga, na Hale amemshika bega anamtikisa. "Unyenyekevu ulioje! Huyu hapa fundi mwenyewe, mzima, pamoja nasi! Tutabadilisha kibao leo leo!" Mtu akamletea glasi ya shampeni. Mtu mwingine akataka kupiga naye picha. Ludwik aligeuka huku na huku akisema, "Hapana, hapana, hamjanielewa," na kadiri alivyokataa ndivyo walivyompenda.

Jadwiga hakupiga makofi. Alisimama kando ya gari, mkoba umebanwa kifuani, kisha akatembea kwenda mahali walipoegesha. Ludwik akamfuata akichechemea.

Walikaa ndani ya gari dogo la Jadwiga, injini imezimwa.

"Baba alijua?"

"Alijua. Dakika ile ile."

"Na hakusema."

"Alinisubiri niseme mimi."

"Miaka kumi na mitano alikusubiri." Jadwiga hakupaza sauti, alikuwa na ile sauti ya mwalimu inayoshuka mtoto anapofanya kosa kubwa. "Wakati anafagia alikuwa anakusubiri. Wakati anakohoa damu. Mimi nilidhani ameharibu kweli, mjomba. Unanisikia? Nilimwonea baba yangu haya. Nilipita koridoni nikajifanya simjui."

Ludwik aliizungusha kofia yake magotini.

"Leo ulinitafutia nini? Ulitaka nikwambie nimekusamehe?"

"Sijui, mwanangu. Nilitaka jina lake liondoke pale."

"Limeondoka, na lako limekaa. Hongera. Wamekupigia makofi." Akawasha gari. "Hawa kina Hale si watu wake, mjomba. Hawa hata jina lake wanashindwa kulitamka. Mimi nataka wasikie wale waliomcheka."

Hakumwuliza kama yuko tayari. Aliendesha moja kwa moja hadi Joseph Campau, akasimama mbele ya ukumbi, akanyoosha mkono akamfungulia mlango.

Ludwik alishuka ngazi za klabu moja moja, na safari hii magoti yalimuuma kweli. Ilikuwa saa kumi jioni, harufu ya kabichi na moshi wa sigara. Wazee walikuwa tisa au kumi. Mezani kwa Kubiak walikuwa watatu, wanasubiri wa nne kama kila Jumapili, na kiti cha Ludwik kilikuwa kimevutwa tayari.

"Huyo hapo bwana harusi!" Kubiak akapaza sauti alipoiona suti. Alikuwa na miaka themanini, sauti ya kwaya bado iko. "Njoo ukae, nakugawia karata za kukufilisi. Ila usiegemee hicho kiti, mguu wake ni mshono wa Drozdek."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walishazoea tu, baadhi yao hata Drozdek mwenyewe hawakumkumbuka vizuri. Ludwik alivua kofia.

"Nyamazeni," akasema kwa Kipolandi. "Stach, nyamaza. Nina neno."

Akalisema akiwa amesimama, bila kipaza sauti. Alilisema vibaya, akirudi nyuma na kujikwaa: pombe ya asali, chaki, siku ya jina, punje ya mchele, sindano iliyokuwa tayari ina uzi. Alipofika kwenye habari ya kile kiti cha karibu na mlango aliugeukia mlango. "Na siku mliyomcheka hapa, nilicheka nanyi."

Hakuna aliyepiga makofi. Friji ya bia ilikuwa inanguruma kwenye kona. Mzee mmoja wa nyuma alijipiga alama ya msalaba. Kubiak alikuwa ametazama karata alizozishika, na ule wekundu wa bia ulikuwa umemtoka usoni, kwa sababu neno lile lilikuwa lake, amelisema miaka ishirini na minane, kalisema tena sasa hivi.

"Ulikuwa umekaa hapa," Kubiak akasema mwishowe, taratibu. "Mkono wa kulia kwangu. Ukaniacha niseme."

"Nilikuacha."

"Kila wiki."

"Kila wiki, Stach."

Kubiak alizikusanya karata zote mezani, zile za Ludwik pamoja na nyingine, akazichanganya. Kisha akagawa upya. Akagawa kwa watu watatu.

Ludwik alikirudisha kile kiti chini ya meza, vizuri, akapanda ngazi. Gari la Jadwiga halikuwapo tena.

Akaenda nyumbani kwa miguu. Penye kona ya shule miguu yake ilikata kushoto yenyewe kwa mazoea, akaisimamisha, akairudisha, akaingia mtaa wa Yemans. Nyumba ya akina Drozdek ilikuwa ile ile, rangi ya kijani, ngazi tatu. Jadwiga alikuwa amekaa kibarazani na viatu vyake vya Jumapili amevivua. Alimwona anakuja tangu mbali. Hakumsalimu, na hakuingia ndani. Ludwik, kofia mkononi, alipita mbele yake taratibu, kichwa wazi, ili Jadwiga aweze kumtazama atakavyo.